Kitufe chenye Picha ya Nyumba

Vijana wa kikundi mmeniomba niandike kazi hii ilivyokuwa kabla yenu, na jambo la kwanza nililojiuliza ni hili: wanataka nini hasa? Mtu hastaafu kazi ya kujitolea. Mshahara haukuwepo, basi hakuna pensheni. Cheo hakikuwepo, basi hakuna hotuba, ila ile soda mliyoninunulia pale kijijini Misiera, ambayo nilikagua kifuniko chake kabla ya kunywa. Nimeacha kwa sababu ya macho. Siku hizi nikishika bisibisi naona skrubu mbili mahali penye moja, na fundi wa namna hiyo ni hatari kuliko vumbi. Lakini nimekaa nikaandika, maana naona mnaamini vitu haraka mno, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko kuacha kazi yenyewe.

Nilianza na redio. Nilipofika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, kutoka Burundi, mwenye kibanda cha ufundi pale Misiera alikuwa Mkongomani mmoja, Papa Lwaboshi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa na kuniuliza imekufa na nini. Nikaitikisa, nikainusa, nikasema betri zimevuja zikala waya. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema mwenye redio ndiye aliyeniambia. Papa Lwaboshi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Ule mwenye redio ndiye aliiharibu," akaniambia. "Hawezi kukuambia kweli. Fungua, angalia na macho yako. Batu banasema mingi."

Tulipoifungua tulikuta imemwagiwa chai ya maziwa. Tangu siku hiyo sijaamini maelezo ya mteja yeyote, hata padri. Papa Lwaboshi alinifundisha pia kupasha chuma cha kuchomelea kwenye jiko la mkaa, kwa sababu umeme hatukuwa nao. Unakitoa, unakifuta kwa kitambaa chenye maji, unasikiliza. Kikilia kwa nguvu sana kitaunguza. Kikinyamaza, risasi ya kuunganishia nyaya itaganda kama uji wa jana. Na alinifundisha kuangalia mikono ya mtu anapoongea, siyo mdomo. Alisema mwongo hufunga vitu: atafunga mkoba, atafunga mlango, atakunja vidole. Alipopata safari ya kwenda kuishi nje aliniachia jiko, chuma, na tabia hiyo.

Madamu Kembabazi alikuja kibandani baada ya hapo. Ni mwalimu wa Mbarara, nyote mnamjua, lakini wakati huo sikumjua, na alikuwa anatabasamu sana kwa mtu aliyetoka barabarani na vumbi lote lile. Alisema yeye na wenzake wameanzisha kikundi cha kukusanya kompyuta ndogo za bei ya chini kwa ajili ya watoto, na wanatafuta fundi wa huku kambini. Akatoa moja kwenye mfuko. Ilikuwa na mpini wa kubebea na vitufe vya mpira, ikafanana na kitu cha kuchezea. Nikamuuliza watoto watalipia nini. Akasema ni bure, na programu zake zote ni bure.

Sasa, neno bure katika Kiswahili ni la kuogopwa. Unapewa kitu bure, na umehangaika bure, ni neno lilelile. Waliolitunga walishapokea zawadi, naamini hivyo. Nikamwambia aniachie ile kompyuta niitazame, akaniachia bila kusita, na huko kutosita kwake kukanizidishia mashaka.

Niliifungua. Nilitafuta kilichofichwa, sijui nini, kitu cha kusikiliza au cha kutuma habari zetu kwa watu. Sikukiona. Nilichokiona ndani ya mpini ni skrubu za akiba. Wale walioitengeneza walifikiria kwamba mtu wa mbali ataifungua, atapoteza skrubu kwenye mchanga, na wakamwekea nyingine. Nimefungua redio, simu na televisheni, zote zimeundwa ili mtu kama mimi ashindwe. Hiki kilikuwa chombo cha kwanza kunikaribisha, na sikulala vizuri kwa kujiuliza kwa nini.

Madamu aliporudi nilimuuliza. Akanieleza kwamba programu nazo ziko hivyohivyo, ziko wazi, mtu yeyote anaweza kusoma zilivyoandikwa, akazibadilisha, akampa mwenzake. Nikauliza ni nani anayezilinda. Akasema hazina mlinzi, na usalama wake ni kwamba watu wengi wanazichungulia. Mimi nimeishi mahali ambapo watu wengi walikuwa wakichungulia, na usalama sikuuona. Hata hivyo nilikubali kazi, shingo upande, ili angalau mchunguzi mmoja awe upande wetu.

Kuhusu ufundi wenyewe nitasema machache, kwa kuwa mengi mmeyaona. Adui wa kwanza wa kompyuta ya Nakivale ni vumbi, wa pili posho, yaani ugali. Mtoto anakula huku anaandika, na unga unaingia chini ya vitufe, kisha sisimizi wanafuata. Mswaki mkavu unatosha. Anayewaambia mpige dawa ya wadudu anataka kununuliwa kompyuta mpya. Betri isiyoshika chaji isitupwe kabla hamjasugua vyuma vyake. Paneli ya sola ikiletwa na mtu anayesema ni mpya, tazameni pembe zake. Na ile kamera ndogo juu ya kioo mkikuta imebandikwa plasta ya kidonda, iacheni. Kina mama wa upande wa Juru, humu kambini, waliibandika wenyewe tangu mwanzo, hakuna aliyewafundisha, na mimi niliwaongezea plasta.

Darasa letu la kwanza lilikuwa huko Juru, katika chumba walichotuazima Wakatoliki kando ya kanisa. Jumamosi watoto walikuja kwa miguu kutoka vijijini, wengine wamepakiwa kwenye baiskeli pamoja na magunia. Mmoja wao alikuwa Ineza, mtoto wa mama tuliyemwita Mama Ineza, mjane kutoka Burundi anayelima maharage karibu na hapo. Ineza alipenda programu ya kuchora. Mama yake hakuingia ndani hata siku moja. Alisimama mlangoni na jembe begani, akatazama, akaondoka, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Maneno ya kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza, na watoto walifuata picha tu. Madamu aliona haifai. Kwa kuwa programu ziko wazi, mtu anaweza kufungua faili lenye maneno yote, neno la Kiingereza liko juu na chini yake anaandika la lugha yake. Alikaa nalo Mbarara mpaka akalimaliza. Akaja Juru siku ambayo mimi nilikuwa mjini kutafuta waya wa risasi, akaweka toleo jipya la Kiswahili kwenye kompyuta zote, watoto wakapiga makofi. Alifurahi sana, walivyoniambia.

Jumamosi iliyofuata nilifungua chumba, nikapanga kompyuta, nikangoja. Hakuja mtoto. Katekista alipita akaniangalia kama mtu aliyefiwa na hajui. Ndipo akanieleza kwamba kina mama wamekataza, kwa sababu mashine zinawaandikisha watoto kurudishwa Burundi.

Niliwasha moja palepale. Mnakijua kile kitufe cha pembeni chenye picha ya nyumba. Ukikibonyeza, kazi uliyokuwa unafanya inafungwa na unaletwa kwenye ukurasa wa kwanza. Chini ya ile picha sasa palikuwa na maneno mawili: Rudi nyumbani.

Nyinyi mliozaliwa Mbarara mtasema kuna nini hapo. Hakuna maneno tunayoyaogopa hapa kambini kuliko hayo. Yanasemwa kwa vipaza sauti, yanasemwa kwa upole ofisini, na kila yakisemwa kuna familia inayoacha kulala. Na hapa yalikuwa chini ya kidole cha mtoto, na akiyabonyeza kila alichokuwa nacho kinafungwa.

Nilikwenda kwa Mama Ineza. Nilimkuta shambani, aking'oa maharage ambayo hayajakomaa, maganda bado laini. Mmea mmoja baada ya mwingine, anaurusha kwenye kitenge. Mahali palipokuwa na kijani asubuhi palibaki mashimo. Ineza alikaa pembeni na mdogo wake, wamevaa nguo mbilimbili, za ndani na za juu, kama watu wanaosafiri. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema akiyaacha yakomae atayaachia wengine.

"Nilisharudishwa mara moja, Mzee Deo," akasema, na hakuacha kung'oa. "Kambi ingine, inchi ingine. Walianza na maneno mazuri vile vile. Walisema mulete batoto, kuna dawa. Tukabaleta. Kumbe lori ilikuwa inatungoja."

Nikasema hii ni kompyuta tu, kitufe tu.

"Ineza amezaliwa hapa. Masini inamuambia rudi. Arudi wapi? Fasi gani anaijua?"

Nitasema wazi kwamba niliogopa pamoja naye. Nilimwomba kitu kimoja: asiondoke mpaka nirudi kutoka Mbarara. Akasema hatoi ahadi. Akabakisha kipande kidogo cha shamba karibu na nyumba, sijui kwa ajili yangu au kwa kuwa alichoka.

Njia nzima, kupita Kaberebere mpaka mjini, nilimpanga Madamu upya kichwani mwangu. Lile tabasamu. Huko kutosita. Toleo lililowekwa siku ambayo mimi sipo. Na nilikumbuka kamati yao ilishasema kwamba chumba kikikaa kitupu, kompyuta zitahamishiwa shule moja ya Kaberebere. Vyote vilikaa sawasawa, kama skrubu kwenye matundu yake. Nilifika nikiwa na hakika kwamba ametumwa, na nilikuwa na hasira, na nikisema kweli nilikuwa na huzuni pia, maana nilishaanza kumpenda kama mdogo wangu.

Alikuwa peke yake kwenye chumba cha kikundi, karibu na soko. Sikusalimu. Niliweka kompyuta mezani, nikawasha, nikamwonyesha kitufe, nikamuuliza ni nani aliyemtuma. Alisoma yale maneno, akasoma tena. Hakuona kitu. Akadhani nimekuja kumkosoa sarufi, akaanza kuniomba radhi kwa Kiswahili chake kibovu. Ilibidi nimweleze yote, maharage na nguo mbilimbili.

"Mzee, baba yangu alikuwa askari," akasema mwishowe. "Sisi tulikaa kwa kambi ya jeshi, hapa tu Mbarara. Kiswahili yangu yote ni ya huko. Baba akienda vita, mama alikuwa anatuambia, nyamazeni, atarudi nyumbani. Hiyo maneno ilikuwa mzuri kushinda zote. Mimi niliwekea watoto yenye ilikuwa mzuri."

Sikumwamini hapo hapo. Hadithi nzuri inanitia shaka kuliko mbaya. Lakini niliangalia mikono yake. Wakati anasema alikuwa anafungua: alifungua kompyuta yake, akafungua lile faili, akaligeuzia upande wangu na kunisogezea kiti ili nisome mstari hadi mstari. Nilisoma lote, na lilichukua muda, na yeye alikaa tu. Kulikuwa na makosa mengi ya ngeli. Njama sikuiona. Neno moja, katika kambi moja lilikuwa la kumngoja baba, katika kambi nyingine lilikuwa la lori.

Nilimwambia alifute. Akasema angeweza kulifuta palepale mezani na mimi nikarudi na toleo jipya, lakini hao kina mama watajuaje? Wataona mashine imebadilisha maneno yake yenyewe, na mashine inayobadilisha maneno usiku ni mbaya zaidi. Nilikubali kwamba katika hilo alikuwa na akili ya kushuku, na nikaanza kuwa na matumaini naye. Alisema tutalibadilisha mbele yao.

Tulikwenda pamoja. Katekista aliwaita kina mama, wakaja wachache, wakakaa karibu na mlango, kila mmoja upande wa kutokea. Mama Ineza alisimama nje kabisa, kwenye kizingiti, na Ineza amemshika mkono. Madamu hakuhubiri. Aliwaomba samahani, akawaeleza habari za baba yake kwa kifupi, na kina mama wakasikiliza bila kuonyesha kama wamemwamini. Kisha akafungua faili kwenye kioo, akalionyesha lile neno, akalifuta mbele ya macho yao. Pakabaki patupu chini ya picha ya nyumba. Akauliza waweke neno gani.

Hapo tulikaa sana. Mmoja alisema Mwanzo, wengine wakakataa: kurudi mwanzo ni kuanza ukimbizi upya. Katekista alisema Kwetu, akaulizwa kwetu wapi, akaliondoa mwenyewe. Neno rudi lenyewe walisema lisionekane popote. Mimi nilipendekeza tuache picha bila neno, wakasema kitu kisicho na jina ndicho kinachoficha. Nilifurahi kuona siko peke yangu.

Madamu akamgeukia Mama Ineza kizingitini, akamuuliza angetaka iandikwe nini.

"Andika hapa," akasema Mama Ineza.

Madamu akamsogezea kiti. Alidhani anamwonyesha mahali pa kuandika, akaweka kidole kwenye kioo, akasema ndiyo, hapa, niandike nini hapa? Mama Ineza akatikisa kichwa.

"Hapa. Hilo ndilo neno. Mutoto akibonyeza, aone yuko hapa."

Madamu aliandika herufi nne, akahifadhi, akazima, akawasha. Chini ya nyumba palisomeka Hapa. Mama Ineza aliingia ndani, kwa mara ya kwanza, akaweka jembe ukutani, akafungua programu ya kuchora ya mwanawe na kuchora mstari uliopinda. Halafu akabonyeza kitufe mwenyewe. Mchoro ukafungwa, nyumba ikatokea. Alitazama dirishani, barabarani, akatulia kidogo kana kwamba anasikiliza injini. Hakukuja gari lolote. Akamwambia Ineza akae.

Alipoondoka siku hiyo hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Lakini Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya watoto, akaomba ufunguo, akabonyeza kile kitufe kwenye kila kompyuta. Amefanya hivyo mpaka leo. Anakagua hata zile nilizokwisha kukagua mimi, mbele yangu, bila aibu. Niliwahi kumuuliza kama baada ya miaka yote hii bado ananishuku. Akasema mimi hanishuku sana, ila hajui mashine zilipita wapi kabla ya kufika.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo sababu ya karatasi zote hizi. Toleo jipya la programu likija kutoka nje linakuja na maneno yake, pamoja na tafsiri ya kwanza ambayo Madamu alishawatumia wenye programu. Linafuta yetu na kuweka yale ya mwanzo, kwa wema kabisa, bila kumuuliza mtu. Madamu aliwaandikia wanaozitunza huko mbali kwamba neno letu ni Hapa, wakajibu vizuri kwamba limepokelewa. Mimi majibu mazuri ninayajua. Msiweke toleo jipya kwenye kompyuta ya mtoto kabla ya kubonyeza nyumba.

Mnajua hili lilitokea muda mfupi kabla sijaacha kazi. Mmoja wenu, simtaji, aliweka toleo jipya Juru siku ya Ijumaa kwa haraka ya kwenda zake. Jumamosi asubuhi nilipigiwa simu na Mama Ineza. Hakusalimu. Alisema, "Neno limerudi," akakata.

Nilipanda bodaboda nikiwa na fulana ya kulalia. Sikwenda chumbani. Nilimwambia dereva apite kwanza njia ya mashambani, akashangaa, nikamwambia ni kazi. Nilijua nitakachokitafuta: mashimo kwenye udongo, watoto wenye nguo mbilimbili.

Tulipofika kwenye kona nilimwambia asimame. Maharage yalikuwa yamesimama shamba zima, yametoa maua, hakuna hata mmea mmoja ulioguswa. Huko kanisani watoto walikuwa wamepanga mstari nje wakigombana, mlango umefungwa, na Mama Ineza amekaa kizingitini na ufunguo mkononi, ananingoja nilitoe lile neno ili wao waingie.